Nimeacha kazi ya miaka 19 na sina fani moja ya kuitaja

Mtu wa Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Lamu na wa pwani nzima. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa miezi minne sasa.

Kwa muda wa miaka 19 nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba moja ya wageni huko Shela. Niliingia nikiwa na umri wa miaka 27, kazi yangu ikiwa ni kuandika majina ya wageni na kupokea malipo. Mpishi alipougua nikasimamia jiko. Mtunza hesabu alipohamia Mombasa nikaachiwa madaftari. Na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa akiishi nje ya nchi sehemu kubwa ya mwaka, kidogo kidogo ikawa hakuna fundi, mwenye boti, mwenye punda wala muuza samaki aliyeingia mlango ule ila kwa kupitia kwangu. Msimu uliopita ulipokwisha nyumba iliuzwa, mnunuzi akaamua kuifanya makazi yake mwenyewe, na sisi wafanyakazi tisa tukaagana.

Nilidhani kupata kazi nyingine hakutakuwa na uzito, kwa sababu hapa kwetu tunajuana. Nimekuta mambo ni mengine. Kila fomu ninayojaza ina nafasi ya kuandika fani, na kila nikifika hapo kalamu husimama. Mwezi uliopita niliitwa kwa mahojiano katika hoteli moja, na aliyenihoji, kijana mwenye adabu zake, aliniuliza kama mimi ni mpishi, mhasibu au mtu wa matengenezo. Nikamjibu kuwa najua yote kidogo kidogo. Akaniangalia kwa huruma, akafunga jalada langu taratibu, akasema wangenipigia simu. Nilipotoka nilikaa kwenye gati mpaka nikasikia adhana ya alasiri, na sikumbuki nilikuwa nikiwaza nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana niliyempokea mwenyewe pale kazini, nikamtafutia mtu wa kumfundisha umeme, leo ana cheti chake na watu wanamwita fundi, nami sina jina la kuitwa. Mjomba wangu ameniambia, kwa nia njema, kuwa mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika kumi. Nimeanza kumwamini. Nikijaribu kukumbuka nilichofanya miaka yote ile naona vijambo tu: kuhesabu magunia ya mchanga yaliyoletwa na punda, kupokea wageni kwenye gati ya uwanja wa ndege wa Manda, kupanga upya siku za kufua mwaka ule kisima kilipoanza kutoa maji ya chumvi, kusuluhisha wapishi waliogombana. Hayo si mambo ya kuandika katika barua ya kuomba kazi.

Je, nikiwa na miaka 46 na watoto watatu wanaosoma, nirudi chuoni nijifunze fani moja tangu mwanzo? Au ipo njia ya mtu kama mimi kusimama mbele ya mwajiri na kusema yeye ni nani bila ya kuona haya?

Umm Salim, Mkomani

Waalaykum salaam warahmatullah, kaka yangu. Pole sana. Suala la chuo naliacha kwanza, kwa sababu kuna neno moja umeliandika kwa kulipita tu, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yake asiitambue, nalo ni kile kisima.

Mtu yeyote aliyeishi Shela anajua kuwa maji matamu ya kisiwa hiki yamehifadhiwa chini ya vilima vya mchanga, na kwamba mji mzima wa Lamu unayategemea. Kisima cha nyumba ya wageni kikiingia chumvi katikati ya msimu, nyumba hiyo imo taabani. Sasa niambie: nani alikufahamisha kuwa dawa yake ni kupanga upya siku za kufua? Fundi wa pampu hafui nguo, na mfuaji hajui pampu. Wewe ulijuaje kuwa mambo hayo mawili yanahusiana? Tafadhali tuandikie kisa kizima tangu siku ya kwanza, usikipambe wala usikipunguze.

Nakuuliza kwa sababu mlango niliotokea mimi ni huo huo. Nilikuwa miaka 14 katika ofisi ya wakala wa mizigo, na nilipoacha nilizunguka na karatasi yenye orodha ya kazi kumi na moja nilizozijua, na hakuna aliyeisoma zaidi ya mstari wa pili. Siku moja mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi aliniuliza tu, kwa mazungumzo, ofisini tulikuwa tukifanya nini. Nikamsimulia habari ya shehena ya saruji iliyokwama Mokowe siku tatu kwa kuwa hati ya mzigo ilikuwa na jina la mtu mwingine, lori likitaka kugeuza, mwenye jahazi akitaka kuondoka kabla maji hayajatoka, na jinsi nilivyowapatanisha watu wanne ambao kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Mzee yule alinyamaza kidogo kisha akasema kuwa barafu yao nayo hukwama vivyo hivyo kila wiki. Hivi leo ninashughulikia mambo ya vikundi vitatu. Hakuna hata kimoja kilichoniuliza fani yangu.

Msomaji wa Malindi

Ndugu yangu wa Langoni, salaam kutoka Malindi. Namheshimu sana Umm Salim, lakini sehemu moja sikubaliani naye, nami nimepitia njia hiyo baada ya miaka 22 katika hoteli iliyofungwa kama zilivyofungwa nyingine kadhaa hapa kwetu. Kisa kizuri humfikisha mtu kwa mwenyekiti anayemjua. Hakijazi fomu. Mwajiri asiyekujua anahitaji neno moja la kukuwekea mahali, na ukimnyima neno hilo atakuweka pembeni, bila ya ubaya wowote.

Kwa hivyo fanya mambo haya. Kwanza kabisa dai hati ya utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa hati hiyo kila mfanyakazi aliyekaa kazini wiki nne mfululizo au zaidi, nayo hutaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na aina ya kazi uliyoifanya. Hapo penye aina ya kazi ndipo pa kusimama kidete. Usikubali waandike karani kwa sababu tu uliingia kama karani. Andika mwenyewe rasimu ya mistari miwili mitatu na uwaombe waitumie: usimamizi wa matengenezo, ununuzi, hesabu na huduma za wageni. Fahamu pia kuwa sheria hiyo haimlazimu mwajiri kukuandikia sifa za tabia au utendaji wako, kwa hivyo hizo ziombe kwa hisani na mapema, kabla watu hawajatawanyika.

Pili, kwa kuwa kazi yenu ilikwisha kwa sababu nyumba iliuzwa na si kwa kosa lenu, soma kifungu cha 40 kuhusu kupunguzwa kazi. Malipo ya chini kabisa ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, na kwa miaka 19 hizo ni siku 285. Iwapo hukupata, uliza. Naligusa hili kwa sababu mtu asiye na akiba huchukua kazi ya kwanza inayotokea, na imani yake kwake mwenyewe huzidi kuporomoka.

Tatu, kuhusu kusoma: usirudi darasani kuanza upya. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, na mtu aliyejifunza kwa mikono yake anaweza kuifanya. Chagua mmoja tu, ule ulio karibu zaidi na kazi ulizokuwa ukizishika mwenyewe. Mimi nilichagua ufundi wa bomba. Sikuwa na nia ya kuwa fundi bomba, wala sijawa, ila karatasi ile ilinipa mahali pa kuweka mguu mmoja nilipokuwa nikieleza hayo mengine.

Na kuna jambo la mwisho, nalo watu wa mikono mingi hatupendi kuambiwa. Neno "kidogo kidogo" ndilo lililokuangusha, na lingeniangusha mimi pia. Anayesikiliza hawezi kupima kidogo ni kiasi gani. Sema unapoishia: kwamba unaweza kufunga hesabu za mwezi lakini hesabu za kodi humpelekea mhasibu, kwamba unabadilisha swichi lakini nyaya za ndani ya ukuta huzigusi. Nimeona mara nyingi kuwa mtu akishasikia mpaka wako uko wapi, huamini yote yaliyo ndani ya mpaka huo.

Mtu wa Langoni

Nawashukuru nyote. Umm Salim, nimekaa na swali lako usiku mzima.

Ilikuwa mwezi wa Machi, kaskazi ikielekea kwisha na masika bado. Asubuhi moja niliona chai haina ladha yake. Mpishi akasema ni majani ya chai. Nikachota maji kwenye bomba nikayaonja, nikashuka kisimani nikaonja na huko, yakawa na chumvi kwa mbali. Fundi wa pampu alipokuja alisema pampu imechoka, tununue yenye nguvu zaidi. Mzee mmoja mchimba visima akasema kisima kimekwisha, tuchimbe kingine. Bei zote mbili zilikuwa kubwa, na mwenye nyumba alitaka jibu kufikia Ijumaa.

Tulikuwa na daftari la saa za kuwasha pampu, ambalo nilikuwa nimelianzisha kwa ajili ya bili ya umeme. Nikalifungua na nikaona kuwa Jumatatu na Alhamisi pampu ilikuwa ikienda kwa muda wa saa nne mfululizo tangu alfajiri, kwa sababu hizo ndizo zilikuwa siku za kufua mashuka ya nyumba nzima. Nikaomba siku kumi. Kila asubuhi na kila jioni nilionja maji na kuandika pembeni mwa daftari lile lile. Siku za kufua chumvi ilizidi kufikia mchana, na jioni ya siku ya pili yake ikapungua. Hapo nikafahamu kuwa maji hayakuwa yamekwisha. Tulikuwa tukiyavuta kwa pupa, na yale ya bahari yaliyo chini yake yanapanda. Pampu yenye nguvu zaidi ingekimaliza kisima.

Nikagawa mashuka yafuliwe ya vyumba viwili kila siku, na pampu ikawa inawashwa nusu saa nusu saa, mara moja kati ya hizo usiku wa manane. Aliyekuwa na uzito ni mama wa kufua, ambaye alikuwa akipata siku zake tatu za kushughulikia nyumbani na mpango mpya ulimwondolea. Nilizungumza naye mara mbili, tukapatana atoke saa nane mchana kila siku. Wiki ya tatu chai ikawa chai. Masika yakatukuta na kisima kile kile, nacho ndicho kilichouzwa pamoja na nyumba.

Nimeandika haya kwa mkono kwanza, yakajaza kurasa mbili. Sikujua kuwa yapo.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nimesoma kimya tangu mwanzo kwa sababu mwandishi mimi si sana, lakini kisa cha kisima kimeniinua.

Mjomba wako amekutolea methali ya kweli kwa mtu asiyehusika nayo. Mshika mawili ni yule anayeyanyakua kwa mpigo mmoja, jicho huku na mkono kule, ndipo moja humponyoka. Wewe ulishika moja mpaka ukalijua, ukaongeza la pili, na la kwanza hukuliachia. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Nilikuwa nahodha kwa zaidi ya miaka 30, nikipakia boriti za mikoko kwenda Mombasa. Chomboni mwangu alikuwamo mtu aliyenishinda kwa kutia kalafati. Ukimtazama akiipigilia ile pamba kwenye maungio ya mbao, nyundo yake ilikuwa na sauti moja tu tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwamo aliyenishinda kwa kushona tanga, na mpishi alinishinda bila ya shaka. Lakini huyo wa kalafati hakuwa akijua kuwa tukilivuta tanga kwa namna fulani chombo kitalala upande ambao pamba yake ni kuukuu, na huyo wa tanga hakujali boriti zimepangwaje. Mimi nilikuwa nikijua. Bahari haiingii chomboni kupitia kwenye ubao. Hupita penye maungio ya ubao na ubao. Kazi yako yote ya miaka 19 ilikuwa kwenye maungio, na ndiyo maana huioni: fundi akimaliza kazi huacha kitu cha kushikika, na wewe ukimaliza kazi huwa hakuna kilichotokea.

Mjukuu wangu, ambaye haondoki penye mpira, ananiambia kuwa mchezaji wa namna hii huitwa kiraka, na kwamba kocha mwenye akili humweka karibu naye. Mimi ningependa neno la heshima zaidi. Lakini nimefurahi kujua kuwa hata huko lipo.

Yule bwana wa Malindi amesema kweli kuhusu neno moja. Neno lako ni msimamizi. Ulikuwa ukisimamia, na ukilitamka litamke kwa sauti yako ya kawaida, kisha mpe anayekuuliza kisa kimoja. Kimoja tu. Akitaka cha pili ataomba.

Umm Salim, Mkomani

Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akuhifadhi. Kaka wa Langoni, nakubaliana sasa na ndugu wa Malindi kuhusu hati na kuhusu mpaka. Ule wa swichi na nyaya nami nitautumia.

Naongeza habari ya soko, kwa kuwa hapa kwetu ipo na wengi hawaioni. Nyumba nyingi za mawe, huku Mkomani na huko Shela, wenyewe hawaishi ndani yake mwaka mzima. Mji wetu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na mtu hawezi kubomoa na kujenga apendavyo bila ya idhini ya watu wa hifadhi ya mji. Mwenye nyumba aliye mbali huletewa habari na mwashi mmoja, seremala mmoja na mtu wa maji mmoja, kila mmoja na bei yake, na hana wa kumwambia yupi aanze. Nimeona kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa saruji juu ya chokaa kwa haraka ya kuzipendezesha, unyevu ukakosa pa kutokea, na baada ya misimu michache plasta ikaanguka vipande vipande. Mwashi alifanya alichoagizwa. Aliyekosekana ni wa kuuliza.

Ukipata nyumba ya namna hiyo, usikubali kulipwa kwa kila kazi. Omba malipo ya mwezi kwa kila nyumba, hata kama ni madogo kwa kuanzia. Ukilipwa kwa kila kinachoharibika, mwezi ambao hakuna kilichoharibika hutapata kitu, na huo ndio mwezi uliofanya kazi vizuri zaidi. Kosa hilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza na vikundi vya wavuvi, na kulirekebisha kulikuwa na aibu nyingi kwa sababu bei ya mwanzo watu huizoea. Andika pia daftari, kama lile la pampu, na mwisho wa mwezi umtumie mwenye nyumba kurasa zake.

Mtu wa Langoni

Narudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa mmenishughulikia kama ndugu na si vyema ninyamaze.

Hati ya utumishi nimeipata. Mara ya kwanza ilikuja imeandikwa karani, kama ulivyoonya ndugu wa Malindi. Nikairudisha pamoja na rasimu yangu, na baada ya siku nane ikarudi na maneno yangu, imetiwa sahihi. Malipo ya siku 285 bado tunaandikiana, lakini sasa wenzangu wanane nao wameuliza. Mtihani wa NITA nitaufanya, na nimechagua bomba kama wewe, kwa sababu ya kisima.

Ile hoteli haikupiga simu. Nilikwenda mwenyewe, nikamwomba yule kijana dakika kumi, nikamwambia mimi ni msimamizi wa nyumba na huduma za wageni, nikamsimulia kisa cha maji na kumwonyesha ukurasa wa daftari, ambao nilikuwa nimeunakili. Alisoma safu ya chumvi kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kwao maji yanaonjwa na nani? Nafasi ya kazi hawana mpaka msimu uanze. Amechukua nambari yangu na kuiandika katika simu yake, si kwenye jalada.

Na kupitia kwa mtu aliyesikia kisa hicho hicho, nimeitwa kuangalia nyumba moja karibu na kwenu, Umm Salim. Ukuta wa chini unaoelekea kichochoroni umepakwa saruji. Niliweka kiganja, ukawa baridi na mbichi kufikia magotini, na juu ya hapo ni mkavu. Mwashi anataka kuongeza saruji nyingine, mtu wa maji anasema ni bomba, na jirani anasema ukuta huo ulikuwa hivyo tangu zamani. Nimemwomba mwenye nyumba wiki mbili na malipo ya mwezi, amekubali yote mawili. Bomba tumelifunga tangu juzi ili kuona kama kuna mabadiliko, na Jumamosi mwashi atabandua saruji ya chini, upana wa dhiraa moja tu, tuutazame ukuta wenyewe kabla ya kununua chochote. Mstari wa unyevu nimeutia alama kwa penseli na kuandika tarehe pembeni.